Jiwe Halikunipiga

Huenda husomi haya mwenyewe. Huenda umelazwa ubavu, mto umewekwa mgongoni usipinduke, na mtu wa nyumbani kwako anakusomea huku akichungulia uso wako kuona kama unaelewa. Unaelewa. Mimi najua. Nililala hivyo hivyo, na watu wakazungumza juu ya kichwa changu kama wanavyozungumzia kabati linalotakiwa kuhamishwa chumba. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, na kila nilipokwama binti yangu Zuhura alinitafutia neno. Nakuandikia wewe, na huyo anayekusomea pia.

Naitwa Mwanahawa. Naishi Umwe, nalima mpunga bondeni, na kabla ya maradhi nilikuwa nasuka mikeka. Lakini wanawake wenzangu walinijua zaidi kwa mashairi. Harusi ikiwa Ikwiriri au Chumbi, nikiitwa nakwenda, natunga papo kwa papo, namtaja bibi harusi na shangazi zake wote, watu wanavunjika mbavu. Kwa hiyo kijiji kilipopata wafadhili wa kutusaidia kutengeneza njia ya miguu kando ya mto, yenye mawe yaliyochongwa mashairi ya watu wa huku, kamati ilinijia ikataka ubeti mmoja.

Bonde letu halina mawe. Ukichimba unapata mchanga, ukiendelea unapata tope. Mawe yale yaliletwa kwa lori kutoka vilima vya Umatumbi, kila moja likimfika mtu kiunoni, na pamoja nayo akaja mchongaji wake, Fundi Rajabu. Tangu siku yaliposhushwa wapo walionong'ona kwamba mawe ya kule yana wenyewe, na kwamba huwezi kuyahamisha vivi hivi bila kuaga. Mimi niliwacheka. Nilikuwa na furaha ya kuona jina langu litakaa mahali ambapo maji hayataweza kulibeba.

Ilikuwa mwanzo wa vuli, asubuhi, watu wengi wamekwenda kufyeka mashamba. Fundi Rajabu aliniita nikague herufi kabla hajalisimamisha jiwe langu. Lilikuwa limeegeshwa kwenye magogo, limejaa vumbi jeupe.

"Soma taratibu, Mama Zuhura," aliniambia. "Nikishalizika kwenye saruji, kosa likibaki limebaki."

Ubeti wenyewe ulikuwa huu:

*Mto haukai hapa, hupita na njia yake,*
*Udongo wake hutupa mpunga na mboga zake,*
*Ukifurika twakwepa, twarudi kwa wito wake,*
*Mtoni ndiko nyumbani, hatuna pengine kwetu.*

Niliutunga mwenyewe, nikauimba jikoni mpaka Zuhura akaniomba ninyamaze. Lakini asubuhi ile niliinama nikaona michoro tu. Niliona mikato ya patasi, niliona mahali fundi alipopapasa kwa kidole, ila sikuona neno hata moja. Nikadhani ni jua. Nikafumba macho, nikafumbua. Upindo wa kanga ukaniponyoka mkono wa kulia. Nikauvuta, ukaponyoka tena.

"Kuna kosa?" fundi akauliza.

Nilitaka kumwambia hakuna. Kilichotoka mdomoni sikukielewa hata mimi. Fundi alicheka kidogo, akidhani namtania, kisha akautazama mdomo wangu na kicheko kikamkauka. Mguu wa kulia ukaniishia nguvu. Niliangukia jiwe, nikalikumbatia kwa mkono mmoja, nikateleza ubavuni mwake hadi chini, na ncha yake ikanichana paji la uso. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni walikuja mbio wakanikuta hivyo, nimelala kando ya jiwe, damu usoni, nabwabwaja. Habari hiyo ilifika kijijini kabla yangu.

Nilipakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na fundi, nikafikishwa nyumbani. Mume wangu, Seif, alikuwa amepindua baiskeli ya mteja uani, anabana nyororo. Alinitazama mara moja tu.

"Hiki ni kiharusi," alisema. "Mama yangu alikufa nacho. Tafuteni gari."

Lakini kaka yangu Abdalla alikwisha kufika. Huyu ni mkubwa wangu. Baba alipokufa Abdalla alikuwa kijana tu, akaenda huko delta kukata boriti za mikoko, akatulisha kwa mgongo wake mpaka kila mmoja wetu alipojitegemea. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyezoea kumpinga.

"Mama yako aliangukia jiwe?" alimuuliza Seif.

"Kaka, hilo jiwe..."

"Nakuuliza. Aliangukia jiwe? Dada yangu ametoka kwake mzima. Amegusa kile kitu, amedondoka. Hospitali watamchoma sindano, jini lipande kichwani, nimpoteze. Kwanza asomewe. Akitulia, mpeleke utakako."

Seif alisimama na spana mkononi. Nilimtazama nikimsihi kwa jicho. Nilitaka kupiga kelele: gari, Baba Zuhura, gari! Nilisikia kila neno lao, hata kuku waliokuwa wakiparura nyuma ya jiko niliwasikia. Ulimi ulilala kinywani kama kipande cha nyama ya mtu mwingine. Seif akainamisha kichwa, akaiweka spana chini.

Nasimulia haya si kwa kumsema kaka yangu. Nayasema kwa sababu saa zile zilipita na jua likapanda mimi nikiwa mkekani, nikizingirwa na watu wanaonipenda, na hapana hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya.

Alasiri wakaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Abdalla aliniinua kichwa kwa upole kabisa, akanimiminia kinywani. Maji yalipita njia isiyo yake. Nilianza kuzama pale pale, juu ya mkeka niliousuka mwenyewe, katika maji yasiyojaza kikombe. Niliona uso wa kaka yangu ukiwa karibu na wangu na midomo yake ikisoma dua, na nikafikiri, ataendelea kunimiminia mpaka nife.

"Mjomba, acha! Anapaliwa! Acha!"

Alikuwa Zuhura. Anasoma ualimu, na alikuwa Kibiti kwa mafunzo ya vitendo alipopigiwa simu. Aliingia na viatu mpaka mkekani, akanigeuza ubavu, akanipiga mgongoni mpaka maji yakatoka puani. Kisha akasimama mbele ya mjomba wake.

"Namchukua mama. Ukitaka kunipiga nipige, lakini namchukua."

Hakuna aliyempiga. Gari likapatikana.

Katika hospitali ya kwanza walinitundikia dripu wakasema niende Dar, nikapigwe picha ya kichwa. Daktari wa zamu alimuuliza Seif ilianza lini. Seif akajibu asubuhi. Daktari akatazama dirishani, jua lilikuwa limeshazama. "Mngemleta mapema," alisema, na hakusema kwa ukali. Seif alibaki anatazama sakafu, na kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nilipomtazama, niliona bado anaitazama ile sakafu.

Dar nilijifunza mabenchi. Lipo la kungojea picha na la kungojea majibu ya picha, na lipo la kungojea mtu aliye na ufunguo wa chumba. Majibu yakasema ni kiharusi, na presha ilikuwa imepanda siku nyingi bila mimi kujua. Nilikaa kwenye kiti cha magurudumu na kanga imefungwa kifuani nisianguke. Udenda ulinitoka upande wa kulia na sikuuhisi mpaka ufike shingoni. Siku moja Zuhura alipokwenda kufuatilia cheti, mama mmoja nisiyemjua, naye ana mgonjwa wake, aliuinua upindo wa kanga yake akanifuta. Kisha akaanza kunisimulia habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha, akinitazama, akinyamaza pale ambapo mimi ningeitikia, halafu akiendelea kama nimeitikia. Sikupata kulijua jina lake. Alikuwa mtu wa kwanza tangu niugue kuzungumza na mimi badala ya kunizungumzia.

Maneno yaliporudi, lilirudi moja tu. Kesho. Sijui kwa nini hilo. Nesi akiniuliza nina maumivu wapi, namjibu kesho. Nikitaka maji, kesho. Nikitaka wanigeuze, kesho, kesho, kwa hasira, mpaka machozi. Seif aliniinamia akaniuliza, "Mama Zuhura, unanijua mimi nani?" Nikamtazama mume wangu, jina lake liko pale pale nyuma ya meno, nikamwambia, "Kesho." Alitoka nje ya wodi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na amenunua chungwa ambalo nisingeweza kulila.

Aliyenifungulia mlango ni Neema, dada wa mazoezi ya viungo. Alikuwa wa bara, mfupi, ana mikono yenye nguvu. Aliniketisha, akanisimamisha, akanitupia maneno ya utani hata nilipokuwa sitaki utani. Asubuhi moja alimsikia mgonjwa wa kitanda cha pili akisoma Fatiha, akaniona midomo yangu inacheza. Akanyamazisha watu. Na mimi nikaisoma Fatiha yote, kuanzia bismillahi hadi amina, haikukatika mahali. Nilipomaliza nilijisikia nimepona. Neema akaniambia, "Haya, sasa niite mwanao." Nikafungua mdomo. "Kesho."

Nililia. Neema hakulia.

"Sikiliza, mama," alisema. "Ya kusema yamefungwa. Ya kuimba na ya kusali yamewekwa chumba kingine, na huko mlango uko wazi. Tutapitia huko." Akamgeukia Zuhura. "Mama anajua nyimbo?"

Zuhura akacheka, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. "Mama yangu? Nyimbo?"

Tukarudi Umwe katika kiangazi, mpunga wa watu ukingoja mvua. Nilikuwa natembea kwa fimbo, mguu wa kulia naukokota, na maneno machache nimeyapata kwa kuimba: maji, choo, njoo, hapana. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika kifuani na kubaki hivyo. Ukindu wangu ulikuwa bado umening'inia ukutani. Nilimwonyesha Seif auondoe, nisiwe nauona.

Nyumba ilikuwa imebadilika. Seif aliniogesha kila siku, uso ameugeuzia upande, si kwa kinyaa bali kwa kunistahi, na ile heshima iliniumiza kuliko kinyaa. Zuhura aliomba ruhusa chuoni, kisha ruhusa ikaisha, akabaki. Nikamsikia Abdalla barazani akimwambia Seif, "Chuo kipo tu. Mama ni mmoja. Abaki." Nilijaribu kuinuka niende kusema. Nikafika mlangoni, nikawatazama wote wawili, nikasema kesho, nao wakaniambia nipumzike.

Zuhura ndiye aliyeamua kunipeleka kwenye ile njia ya mto. Kwetu kote ni mchanga na matuta, mguu unaokokota haufiki mbali. Njia ile ilikuwa imeshindiliwa kifusi, iko tambarare, na mawe yalikuwa yamesimamishwa kwa nafasi, kama mtu amekusudia wagonjwa wapate pa kushika. Tulikwenda asubuhi, tukipitia nyuma ya mashamba watu wasituone. Maana maneno yalikuwa yameenea. Mtoto akipata degedege, ni mawe. Kiboko akikanyaga shamba la mtu, ni mawe. Mawe yanadai haki yake, na ya kwanza yamechukua kwa Mwanahawa.

Nilikuwa naliogopa jiwe langu. Sikuamini habari za jini, ila kila nikilikaribia nilisikia mkono unalegea kama siku ile. Zuhura hakunilazimisha. Tulianzia mawe ya wengine. Yeye anasoma mstari, mimi naudaka kwa mahadhi ya harusini, anaukata katikati ananiachia neno la mwisho. Siku nyingine lilikuja. Siku nyingine nilisimama nimeshika jiwe la watu, jasho linanitoka, nikitafuta neno "samaki" kama mtu anayetafuta sindano kwenye pumba, na mto unapita pale chini umejaa samaki.

Kisha ikaja masika. Maji yakapanda, yakafunika bonde lote, yakala mpunga ungali mchanga. Njia ilinusurika kwa sababu ilikuwa juu, na kunusurika huko kukawa ushahidi. Mbona mto umechukua chakula chetu ukaacha mawe? Mvua ilipokatika watu walikuwa na njaa na walikuwa na hasira, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Wafadhili walishaondoka. Ukafanyika mkutano, ikakubaliwa mawe yang'olewe yatupwe mtoni, na lianze la Mwanahawa. Aliyesimama kuomba hivyo alikuwa kaka yangu.

Seif hakuniambia. Zuhura alisikia kisimani, akaja akitweta.

"Mama, wako mtoni. Wana sululu na kamba."

Tukaenda. Nilianguka mara mbili njiani, mara ya pili Zuhura akataka turudi. Nikamwambia hapana, na neno hilo lilikuja lenyewe.

Walikuwa wameshaanza kuchimba kuzunguka shina la jiwe. Wanaume wengi, wanawake nyuma yao, mwenyekiti wa kijiji amesimama pembeni kama mtu aliyealikwa mahali asipotaka kuwapo. Seif alikuwepo, ameshika kamba. Alipotuona aliiachia.

Abdalla alinijia na mikono wazi. "Mwanahawa, rudi nyumbani. Nakutoa kwenye hili. Likishaondoka utapona, inshallah."

Nilimpita. Nilikwenda kwenye jiwe ambalo sikuwahi kuligusa tangu siku ile, nikaliegemea kwa mkono wa kushoto. Shimo lilikuwa pale karibu na vidole vya mguu wangu.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Mama Zuhura, jambo hili linasemwa kwa ajili yako. Una neno?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi. Nikafungua mdomo, na hofu ikayafukuza yote isipokuwa lile moja.

"Kesho."

Msichana mmoja akacheka, akazuiwa. Nikajaribu tena. "Kesho. Kesho!" Nilitamani lile shimo linimeze.

Mwenyekiti alijifuta uso. "Amesema kesho."

"Mwenyekiti!" Abdalla akapaza sauti. "Kwake kila kitu ni kesho! Muulize jina lake, atakwambia kesho!"

"Sikumuuliza jina lake. Nimemuuliza kama ana neno, amenijibu kesho. Mwenye kuugua ni yeye. Tutarudi kesho."

Mpaka leo sijui kama mwenyekiti yule alielewa au alikuwa anatafuta tu pa kupumulia. Watu waliondoka wakinung'unika. Sululu zikabaki pale pale.

Nyumbani nilimshika Zuhura mkono, nikamwekea kidole mdomoni mwake, kisha mdomoni mwangu. Akaelewa. Tulikaa jikoni mchana kutwa. Niliyotaka kuyasema niliyajua, ila nilikuwa kama mtu aliye nje ya nyumba yake, anaona vyombo dirishani. Zuhura alinitolea kimoja kimoja.

"Jiwe?" Nikaitikia kwa kichwa. "Jiwe liliku..." Nikakataa. "Jiwe halikukupiga?" Ndiyo! "Haya, kwa mahadhi. Jiwe hali-ku-ni-pi-ga." Naimba. "Nini kilikupiga? Homa? Kiharusi?" Nikajigusa mkono, pale wanapofunga mpira wa kupimia. "Presha!" Tukagonga vidole vyetu pamoja kuhesabu mizani kama nilivyomfundisha akiwa mdogo. Neno likizidi tunalitupa. Nilikuwa natunga. Nilikuwa na mate shavuni na mkono umekunjika kifuani, na natunga.

Seif alisimama mlangoni akitusikiliza. Mwishowe akaingia, akakaa chini kwenye kibao cha mbuzi.

"Niliogopa," aliniambia. "Nilijua ni maradhi. Nilijua tangu asubuhi ile. Lakini nikawaza, huenda wakiling'oa... huenda tu..." Nikamwimbia mstari tuliokwisha kuutunga, nao ukakatika katikati, na akanisaidia yeye kuumalizia.

Asubuhi walikuja wengi kuliko jana. Zuhura akasimama upande wangu mbovu, Seif nyuma yangu. Mwenyekiti aliniashiria kwa kichwa nianze. Nikalishika jiwe. Neno la kwanza halikuja. Nikalitafuta. Nikaona Abdalla ananisogelea na huruma usoni, na ile huruma ikaniogopesha kuliko shimo. Zuhura akanipa mahadhi bila maneno, kwa kuguna tu, puani. Nikayashika.

*Jiwe halikunipiga, presha ndiyo ilopiga,*
*Msiling'oe kwa woga, linishike nisimame.*

"Nisimame" nililikosa. Nilisema "nisi... nisi..." na kunyamaza. Basi mwanamke mmoja nyuma, mmoja wa wale walionikuta nimeanguka, akalimalizia. Nikaanza upya, safari hii wanawake wakaupokea mstari wa pili kama tunavyofanya harusini, na mara ya tatu sikujua tena ni nani anaimba. Wanaume walitazamana. Mtu aliyekuwa mbele akainama akarudisha udongo shimoni kwa mguu, taratibu, kama anayefanya jambo lingine.

Abdalla aliweka sululu begani akaondoka. Kipupwe chote hakufika kwetu. Nilimwona barabarani akageuza njia. Nilimkosa kaka yangu zaidi ya nilivyoukosa mkono wangu.

Mkono haukurudi, na nisikudanganye. Mguu umerudi kiasi. Zuhura alirejea chuoni, na nilimsindikiza mpaka kituoni nikiwa nimekasirika kwa sababu alikuwa analia. Nazungumza kama hivi, kwa kusimama na kutafuta, na wasionijua hudhani nimelewa. Mwambie mtu wako akungoje. Asikumalizie haraka. Na ewe unayemsomea: usimpe chochote cha kunywa kama mdomo umepinda, mkimbize hospitali, na mengine yote yafuate huko. Dua inasafiri. Inapanda gari pamoja na mgonjwa.

Abdalla alikuja mwenyewe, asubuhi ya siku ya kliniki yangu. Alisimama uani, akasalimia, nikamwitikia. Alisema kichwa kinamgonga kwa nyuma siku kadhaa sasa, na macho yanaona ukungu. Alisema huku akitazama baiskeli za Seif.

"Wewe unakwenda leo, siyo? Kwenye hicho kipimo."

Tulikwenda pamoja zahanati. Tulikaa benchi moja, na mwili wake wote, mwili uliobeba boriti miaka yote ile, ulikuwa umejikunyata kama wa mtoto anayengoja kutahiriwa. Jina lake lilipoitwa hakuinuka mpaka nilipomgusa. Nesi alimfunga mpira mkononi, akaubana, akautazama mshale unavyoshuka, akaufunga tena. Uso wake ulibadilika kidogo.

"Baba, hali hii umeanza kuisikia lini?" aliuliza. "Unakunywa dawa yoyote? Nyumbani kuna mwenye presha?"

Kaka yangu alifungua mdomo. Akaufunga. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kile kipimo, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Nesi aliuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama wanavyofanya. Kisha akainua kichwa akatutazama wote wawili, bibi mwenye fimbo na mzee aliyenyamaza.

"Nani anamsemea huyu?"

Nilivuta kiti karibu na chake. Neno lilichelewa, nami sikuliharakisha. Abdalla akaweka mkono wake juu ya ule wangu uliokunjika, akangoja.

"Mimi," nikasema. "Uliza. Nitamsemea."